Bwana Bentley Aliyeuzwa Pamoja na Jina Lake

Jina la Bentley lingali limebandikwa juu ya magari ya kifahari hadi leo. Lakini mwenye jina hilo, Bwana Walter Owen Bentley, aliishi miaka 40 ya mwisho ya umri wake akiwa hana haki ya kulitia juu ya gari alilolibuni kwa akili yake mwenyewe.

Alizaliwa mjini London mwaka 1888, kitinda mimba wa watoto tisa. Alipotimiza miaka 16 alikwenda Doncaster kujifunza ufundi wa gari-moshi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alibuni injini za ndege za kivita, na mwaka 1919 akaanzisha kampuni yake ya magari. Yalikuwa magari makubwa, mazito, yenye mbio za ajabu. Yalishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, huko Ufaransa, mara tano: mwaka 1924, kisha kila mwaka tangu 1927 hadi 1930.

Sifa hizo hazikulipa madeni. Mwaka 1926 tajiri Woolf Barnato, mrithi wa mali ya almasi za Afrika Kusini, aliiokoa kampuni kwa fedha zake, na tangu siku hiyo Bentley akawa mwajiriwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Dhiki ya uchumi ilipoikumba dunia, Barnato alichoka kutoa. Julai 1931 kampuni ikatiwa mikononi mwa mfilisi.

Kampuni ya Napier ilikuwa tayari kuinunua, na Bentley alikwisha anza kuwachorea gari jipya. Lakini siku ya kukata shauri mahakamani, kampuni moja ya fedha ikapanda bei, ikachukua kila kitu kwa pauni zaidi ya 125,000. Baadaye ikadhihirika kuwa waliotuma ni Rolls-Royce, mahasimu wake wakubwa.

Kumbe, msomaji, hawakununua kiwanda na jina tu. Mkataba wa kazi wa Bentley nao ulikuwa ndani ya mali iliyouzwa! Akawatumikia hadi 1935, tena si kwa kubuni magari bali kwa kuyajaribu barabarani.

Alipokuwa huru alihamia Lagonda. Baada ya Vita vya Pili, Lagonda walipotaka kuliita gari lao jipya kwa jina lake, Rolls-Royce waliwashtaki wakashinda.

Februari 1971 Rolls-Royce wenyewe walifilisika. Bentley alifariki Agosti ya mwaka huo huo, bila ya kuacha mtoto.