Mwenda wa Bayeke: Mcharaza gitaa kavu aliyeimba Kiswahili cha Katanga

WAPENZI wa muziki wa gitaa katika Afrika Mashariki na Kati wanapotaja majina ya magwiji, aghalabu huanza na wale waliosimama mbele ya bendi kubwa: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, Franco Luambo Makiadi na Nico Kasanda wa Kinshasa. Ni wachache wanaoanza na mtu ambaye sifa yake yote ilisimama juu ya gitaa moja lisilo na umeme, na ambaye riziki yake kwa miaka mingi aliitafuta ofisini.

Mtu huyo ni Jean-Bosco Mwenda, aliyekuja kujulikana baadaye kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Bunkeya, jimbo la Katanga, kusini mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Kibelgiji. Aliimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilisikika mbali sana na kijiji hicho.

Bunkeya si jina geni katika historia ya Tanzania. Kijiji hicho kilikuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, aliyevuka Ziwa Tanganyika katikati ya karne ya 19 na kujenga himaya yenye nguvu katika nchi ya shaba. Wafuasi wake na vizazi vyao ndio walioitwa Bayeke.

Himaya hiyo iliishi kwa biashara ya misafara. Pembe za ndovu, shaba na watumwa vilipelekwa pwani, na kutoka pwani zikaja bunduki, nguo na shanga. Pwani hiyo ndiyo iliyokuwa na masoko ya Unguja, na ndiyo iliyopeleka watu wengi waliotekwa bara katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba. Kiswahili kilisafiri katika njia hiyo hiyo, kikifuata wapagazi na wafanyabiashara mpaka Katanga.

Hata mwisho wa Msiri ulitokea upande huo. Msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, uliandaliwa Zanzibar mwaka 1891 na kuelekea bara ukiwa na wapagazi na askari waliokodiwa huko. Desemba 20 mwaka huo Msiri aliuawa kwa risasi karibu na Bunkeya, na Katanga ikawekwa chini ya mamlaka ya Leopold.

Miaka 39 baadaye Mwenda alizaliwa katika kijiji hicho hicho, lakini katika dunia nyingine kabisa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imegeuza Katanga kuwa nchi ya migodi. Miji ya Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ilijaa vibarua kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili, kilichokwisha kufika na misafara, kikawa lugha ya mgodini, sokoni na katika nyumba za wafanyakazi. Kilipata sura yake chenyewe, yenye viambishi na maneno ambayo mtu wa Wete au Chake Chake angeyasikia kuwa mageni kidogo, ingawa asingeshindwa kufuata maana. Hicho ndicho Kiswahili alichokiimba Mwenda.

Pamoja na mishahara ya migodi yalikuja magitaa. Mfanyakazi aliyepata fedha kidogo aliweza kununua gitaa la mbao na gramafoni, na jioni mitaani ikawa na sauti mpya. Vijana walijifunza kwa kutazamana na kwa kusikiliza santuri, zikiwamo za vikundi vya Cuba kama Trio Matamoros, na pia kwa kutazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Hapakuwa na chuo wala mwalimu wa noti.

Mwenda alikuwa mmoja wa vijana hao. Alipokuwa na umri wa miaka kama 20 hivi, alisikiwa akipiga gitaa mjini Jadotville na Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na ambaye alikuwa akizunguka na mitambo ya kurekodi muziki wa Waafrika. Tracey alimrekodi, na miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo mmoja uitwao Masanga.

Santuri hizo zilitolewa na lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini na kuuzwa katika nchi nyingi za Kiafrika. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua muziki wa dakika tatu tu au zaidi kidogo. Katika muda huo mfupi Mwenda aliwatia hofu na tamaa wapiga gitaa wa sehemu nyingi, kwa sababu msikilizaji aliyeweka Masanga kwa mara ya kwanza aliweza kuapa kwamba waliokuwa wakipiga ni watu wawili.

Siri yake ilikuwa katika vidole viwili vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na kutembeza besi bila kusita, huku kidole cha shahada kikicheza sauti kuu katika nyuzi nyembamba. Ugumu haukuwa kasi. Ugumu ulikuwa kwamba vidole hivyo havikufuata hesabu moja: kimoja kiliweza kugawa pigo katika mbili wakati kingine kikiligawa katika tatu, kama ngoma mbili zinazojibizana.

Baadhi ya wataalamu wa muziki wa Afrika wameihusisha namna hiyo ya upigaji na ala za asili za eneo hilo, hasa zile ndogo zenye vijiti vya chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Kwa maoni yao, gitaa lilikuwa chombo cha kigeni, lakini mikono iliyolishika ilikuwa na mazoea ya zamani.

Jambo jingine lililowasumbua waliomwiga ni kwamba Mwenda hakuupiga wimbo kwa namna moja mara mbili. Alikuwa na sehemu fupi alizozipanga upya kila alipocheza. David Rycroft, mtaalamu wa muziki aliyefundisha Chuo Kikuu cha London, aliuchambua upigaji huo noti kwa noti na kuchapisha kazi yake kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962, katika jarida la African Music. Ilikuwa heshima ya nadra kwa mpiga gitaa wa Kiafrika wa enzi hizo.

Pamoja na sifa hizo, Mwenda hakuacha kazi za mshahara. Alifanya kazi benki, na baadaye katika kampuni ya migodi ya Gecamines, iliyotokana na kutaifishwa kwa Union Minière mwaka 1967. Alisimamia pia bendi, na akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Gitaa lilibaki upande mmoja wa maisha, na ofisi upande mwingine.

Kwa macho ya leo uamuzi huo unaweza kuonekana kuwa wa woga. Lakini mwanamuziki wa Kiafrika wa miaka ya 1950 alikuwa na njia chache za kuishi kwa santuri. Rekodi zilivuka mipaka haraka kuliko haki za waliozitunga, na wengi waliosifiwa redioni walikufa maskini. Mtu mwenye elimu ya kutosha kushika kalamu ya ofisini alikuwa na sababu ya kuishikilia.

Matokeo yake ni kwamba muziki wake haukulazimika kubadilika kila soko lilipobadilika. Magitaa ya umeme yalipotawala kumbi za Leopoldville, Elisabethville na Nairobi, Mwenda aliweza kuendelea na gitaa lake kavu, kwa kuwa mlo wa nyumbani haukuitegemea tiketi ya mlangoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa kwa muda Nairobi, ambako alikuwa na kipindi redioni na kurekodi nyimbo. Rafiki yake Edouard Masengo, mpiga gitaa mwingine wa Katanga, naye alijipatia jina kubwa katika jiji hilo. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilijifunza kutoka kwa Wakongo hao, na upigaji wa vidole ukaenea mpaka vijijini magharibi mwa nchi hiyo.

Hapo ndipo Kiswahili kilipokamilisha mzunguko wake. Lugha iliyokwenda Katanga kwa miguu, mabegani mwa wapagazi, ilirudi Afrika Mashariki kwa santuri na mawimbi ya redio. Ilirudi ikiwa na lafudhi ya migodini, lakini ilieleweka.

Kwa masikio ya visiwani muziki huo ulikuwa wa aina nyingine. Unguja na Pemba zilizoea taarab, yenye udi, kanuni, fidla na kundi la wapigaji wanaomzunguka mwimbaji. Mwenda alikuwa peke yake, akiimba na kujijibu mwenyewe kwa nyuzi. Ila hata visiwani palikuwapo kumbukumbu ya gambusi, chombo kidogo cha nyuzi ambacho mtu mmoja aliweza kukipiga na kuimba, kwa hiyo wazo la mtu na nyuzi zake halikuwa geni kabisa.

Wakati Mwenda akijulikana nje, nchi yake ilikuwa katika misukosuko. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, Katanga ilitangaza kujitenga, na vita na siasa hizo hazikwisha hadi Januari 1963. Baadaye Rais Mobutu Sese Seko aliibadili nchi kuwa Zaire mwaka 1971, Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka 1972 raia wakaamriwa kuacha majina ya Kikristo. Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke, jina lililomrudisha Bunkeya.

Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani, mojawapo ya mikutano mikubwa ya muziki wa asili duniani. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata sauti yake ilififia, na wapenzi wengi wa santuri za Gallotone nje ya Kongo hawakujua kama bado yu hai.

Waliomtafuta walikuwa ni wapigaji wenyewe. John Low, mpiga gitaa wa Uingereza aliyekuwa amejifunza nyimbo hizo kwa kuzisikiliza tu, alifunga safari kwenda Zaire kuwatafuta wazee wa gitaa la Katanga na kuketi nao kujifunza. Kumbukumbu za safari hiyo zilichapishwa mwaka 1982. Mwaka huo huo Mwenda alizuru Ulaya na kupiga gitaa nchini Ujerumani, mbele ya watu ambao hawakujua neno la Kiswahili.

Ipo sadfa moja inayoonyesha jinsi dunia ya gitaa ilivyo ndogo. Kampuni iliyotoa santuri za Mwenda ndiyo iliyotengeneza magitaa ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone Champion. Moja la aina hiyo lilifika Liverpool na kuwa gitaa la awali la John Lennon, na ndilo alilokuwa nalo Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney. Kabla ya The Beatles kuwapo, jina hilo la Gallotone lilikuwa limekwisha kubeba sauti ya Mwenda katika majumba mengi ya Afrika.

Mwaka 1988 alikwenda Cape Town, Afrika Kusini, akarekodi nyimbo zake studio kwa mitambo ya kisasa. Vidole vilikuwa vya mtu wa karibu miaka 60, lakini besi ilikuwa bado inatembea. Kazi hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1994 na kampuni ya Rounder. Mwenyewe hakuiona ikitoka kwa lebo hiyo.

Septemba 1990 Mwenda wa Bayeke alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na umri wa miaka 60.

Rekodi za Hugh Tracey zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Bila mashine ya Tracey huenda Masanga ingekufa mitaani Jadotville. Lakini mashine peke yake haikutosha. Wimbo huo uliendelea kuishi kwa sababu watu wasio na jina, baada ya kazi zao, waliuweka kwenye gramafoni, wakausikiliza, wakaurudia, wakakosea, wakaurudia tena.

Hao walikuwa wapigaji wa ridhaa, na Mwenda, pamoja na ukubwa wake, aliishi karibu nao kuliko alivyoishi karibu na mastaa wa kumbi. Anayetaka kumfahamu leo hahitaji bendi wala umeme. Anahitaji gitaa kavu, subira, na kidole gumba kilichofundishwa kutosubiri wenzake. Wengi hushindwa katika wiki ya kwanza. Wanaovumilia hugundua kwamba zile gitaa mbili walizozisikia kwenye santuri zilikuwa moja tu.