Hindorf na Miche Yake 62

Ukitoka Segera kwenda Tanga, mkonge unakusindikiza mpaka unachoka kuutazama. Kilimo chake huku kwetu kilianza na miche 62 tu.

Dakta Richard Hindorf alizaliwa Ujerumani mwaka 1863. Alikuwa mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani iliyoshika ardhi huku kwetu, na alikuwa akitafuta zao litakalovumilia jua la pwani. Akasoma habari za mkonge wa Meksiko katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza. Wameksiko hawakutaka kuuza mbegu, basi akaagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Mingi ikafia njiani. Mwaka 1893 iliyofika Tanga ikiwa hai ni hiyo 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miaka mitano baadaye ilishazaana na kupita 60,000.

Hindorf alitaka nyuzi. Lakini nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya jani. Zilizobaki, yaani maji na nyama ya jani, korona ilizitema nje, zikaoza mashimoni na kuchafua mito. Harufu ile waliivuta manamba, sio wenye mashamba.

Alifariki mwaka 1954, mkonge ukiwa bado unaitwa dhahabu. Haikupita miaka mingi, kamba za plastiki zikaingia sokoni. Sifa yake moja? Haziozi. Bei ya mkonge ikaporomoka, na mashamba mengi yakageuka pori.

Sasa angalia dunia inavyogeuka. Mwaka 2008 pale Hale, Korogwe, ulizinduliwa mtambo wa kutumia mabaki yale yale: yanafungiwa kwenye tangi lisilo na hewa, bakteria wanayala, wanatoa gesi ya methani, gesi inazalisha umeme. Na mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki, sababu moja ikiwa ile ile sifa ya kamba: haiozi.

Shuleni tulikaririshwa kwamba Hindorf alileta mkonge, basi, tukapata maksi zetu. Sisi tunaokwenda kufundisha tusiishie hapo. Tuwaambie watoto na habari za manamba, na za bakteria pia. Kuoza tulikokuona aibu ya mkonge ndiko leo kunakoupa thamani.