Maisha ya Muhammad Ankoni, Aliyevikwa Taji Kilwa

Kila mwanafunzi wa pwani hii amesikia habari za Kilwa Kisiwani. Wengi wamevuka maji kutoka Kilwa Masoko wakauona Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa, na lile Gereza lililo ufukoni. Lakini ukiwauliza ni nani aliyekuwa sultani siku Wareno walipojenga ngome yao mahali pale, wachache tu watakujibu. Mtu huyo ni Muhammad Ankoni. Hakuzaliwa katika nyumba ya masultani, na utawala wake haukutimiza mwaka. Hata hivyo maisha yake yafaa kusomwa, kwa sababu yatuonyesha jinsi watu wanavyopimwa kabla ya kupewa cheo, na jinsi wapimaji wenyewe wanavyoweza kukosea.

Zamani Kilwa ulikuwa mji mkubwa kuliko miji yote ya pwani ya kusini. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu kuwa mji mzuri uliojengwa vyema. Utajiri wake ulitokana na dhahabu ya Sofala. Dhahabu ilichimbwa bara, ikaletwa Sofala, na kutoka huko vyombo vya Kilwa viliipeleka kaskazini, vikarudi na nguo, shanga na vyombo vya udongo vya Uajemi na China. Mji ulikuwa na sarafu zake wenyewe za shaba.

Lakini kufika mwisho wa karne ya kumi na tano nguvu za masultani zilikuwa zimepungua. Maamiri ndio walioshika mambo. Walimweka sultani huyu na kumwondoa yule, kila mmoja akitafuta mtu atakayemsikiliza. Mwisho Amiri Ibrahim akautwaa mji mwenyewe. Wengi hawakumhesabu kuwa sultani wa haki, naye akaendelea kuitwa Amiri tu. Basi hata kabla ya mgeni yeyote kufika, mji ulikuwa umekwisha gawanyika moyoni.

Katika mji huo aliishi Muhammad bin Rukn al-Din al-Dabuli. Nisba ya al-Dabuli yahusu Dabul, bandari ya pwani ya magharibi ya Bara Hindi, iliyokuwa na biashara nyingi na pwani yetu. Wareno katika vitabu vyao walimwandika Ankoni, na jina hilo ndilo lililobaki. Alikuwa mfanya biashara tajiri na mmoja wa wakubwa wa mji, mtu ambaye neno lake lilisikilizwa barazani. Kwa sababu hiyo hiyo Amiri Ibrahim hakumpenda. Mtu aliyeketi katika kiti kisicho chake humwogopa kila mwenye mali na wafuasi.

Mwaka 1500 Mreno Pedro Álvares Cabral alifika Kilwa na merikebu zake, akaonana na Ibrahim, lakini hawakupatana. Mwaka 1502 akaja Vasco da Gama na merikebu nyingi zenye mizinga. Yeye hakuja kubembeleza. Alimtaka Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa ushuru kila mwaka, la sivyo mji ungepigwa mizinga. Ibrahim akakubali kwa hofu kutoa mithqali 1,500 za dhahabu, na ili kuonyesha kwamba atalipa, akamtoa mtu kuwa dhamana merikebuni. Mtu aliyemchagua ni Muhammad Ankoni.

Tazameni hila ya jambo hili. Ankoni alipokwisha kuwa mikononi mwa Wareno, Ibrahim hakujishughulisha tena na malipo. Kama Wareno wangemwua mateka wao kwa hasira, Amiri angeondokewa na mpinzani bila ya kuchafua mikono yake. Ankoni akatambua ya kuwa hakuna atakayemkomboa. Akatoa mali yake mwenyewe, akalipa, akarudi kwake hai.

Dhahabu ya ushuru wa Kilwa ilipelekwa Ureno. Mfalme Manuel akaamuru sonara wake, Gil Vicente, aitengeneze chombo cha ibada kwa ajili ya kanisa la Belém, nacho kilimalizika mwaka 1506. Chombo hicho kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Watu hukitazama kwa uzuri wake, lakini sisi wa Kilwa twajua dhahabu yake ilipatikanaje.

Katika Julai, mwaka 1505, Francisco de Almeida alifika Kilwa akiwa njiani kwenda Bara Hindi kuwa makamu wa mfalme. Ushuru ulikuwa haukulipwa. Almeida akamwita Ibrahim waonane, naye Ibrahim akatoa udhuru, mara moja na mara ya pili. Alfajiri ya tarehe 24 Julai askari wa Kireno wakashuka pwani. Ibrahim akakimbilia bara, na mji ukatekwa pasipo vita kubwa. Kisha nyumba zikatiwa mikono, mali ikachukuliwa. Baada ya hapo Wareno wakaanza kujenga ngome, wakaiita jina la Mtakatifu Yakobo. Gereza tunaloliona leo kwa sehemu kubwa lilijengwa upya na Waarabu wa Oman katika zamani za baadaye, lakini mahali ni pale pale.

Sasa Almeida alikuwa na ngome, lakini hakuwa na mtawala wa mji. Ilimpasa kuchagua mtu, na hakuwa na siku nyingi, kwa maana pepo za kusi hazimngojei mtu. Je, alimpima mtu kwa mizani gani?

Alitazama kwanza nani amewafaa Wareno. Ankoni alikuwa amewalipa dhahabu katika siku ambayo Amiri wake aliwadanganya. Pili, alitazama mali, kwa kuwa mtu tajiri aweza kulipa ushuru. Tatu, bila shaka aliona kwamba mtu asiye wa ukoo wa masultani hawezi kusimama peke yake, atawategemea waliomweka. Kwa hesabu ya Almeida, sifa hizo tatu zilitosha. Ankoni akatangazwa kuwa sultani, akavikwa mbele ya watu taji la dhahabu lililokuwa limeletwa kutoka Ureno kwa ajili ya mfalme wa Cochin katika Bara Hindi.

Hapa ndipo Ankoni alipoonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Alikuwa na watoto wa kiume. Baba yeyote mwingine angeomba ahadi ya kwamba ufalme ubaki katika nyumba yake. Ankoni hakuomba hivyo. Aliomba kwamba atakayemrithi awe Mikante, mwana wa Sultani al-Fudail, aliyekuwa ametawala kabla ya Ibrahim kuushika mji. Alijua ya kwamba watu wa Kilwa huupima utawala kwa ukoo, na kwamba taji alilopewa na wageni halingewatuliza. Kwa ombi lile alitaka kuwapatanisha watu: yeye awe daraja tu, na haki irudi kwa wenyewe. Wareno wakakubali.

Wako wanaosema kwamba Ankoni alikuwa msaliti, kwani alipokea taji kwa mikono iliyopora mji wake. Neno hili si la kupuuzwa. Lakini yafaa pia tukumbuke ya kuwa Amiri aliyekimbia ndiye aliyekuwa amemwacha mikononi mwa adui, na kwamba mji uliotekwa ulihitaji mtu wa kusema na wenye mizinga. Kila msomaji na apime mwenyewe, lakini aliweke katika mizani lile ombi kuhusu Mikante.

Utawala wake haukuwa na raha. Wareno walitaka dhahabu ya Sofala iwe ya mfalme wao peke yake. Mwaka ule ule wa 1505 walijenga ngome nyingine huko Sofala, na vyombo vya watu wa pwani vikazuiwa kufanya biashara ile. Kilwa usio na biashara ya Sofala ni sawa na shamba lisilo na mvua. Wafanya biashara wakaanza kuhama. Sultani akawa na taji kichwani, lakini chanzo cha utajiri wa mji kilikuwa kimezibwa na wale wale waliomvika.

Huko bara Amiri Ibrahim alikuwa hai, tena alikuwa na jamaa na marafiki. Mmoja wao alikuwa mkubwa wa mahali ambapo Wareno wamepaandika Tirendikonde. Mwaka 1506 mtu huyo alimvuta Ankoni kwake kwa maneno ya urafiki, kisha akamwua kwa hila. Hivyo ndivyo alivyokufa mtu yule ambaye miaka minne nyuma aliponea chupuchupu mikononi mwa Wareno. Aliuawa na majirani zake mwenyewe.

Kifo chake kilirudisha swali lile lile: nani atawale? Wengine walimtaka Mikante, kwa ukoo wake na kwa ahadi iliyotolewa. Wengine walimtaka Haji Hasan, mwana wa Ankoni, kwa kuwa baba yake alikufa akiwa kitini. Ugomvi ukazidi, na watu wakaendelea kuuhama mji. Mwisho wa mwaka 1506 Gonçalo Vaz de Goes alitumwa kuja kuamua. Akazisikiliza pande zote mbili, akamchagua Haji Hasan, na akalegeza amri zilizozuia biashara ili watu wapate kurudi.

Haji Hasan akaanza kwa kulipiza kisasi cha baba yake. Akaishambulia Tirendikonde kwa msaada wa mkubwa mwingine wa bara. Alikuwa hodari wa vita, lakini hakuweza kukaa vyema na watu wake, na baada ya muda mfupi Wareno wakamwondoa, wakamweka Mikante. Naye Mikante, ambaye ukoo wake ulikuwa safi kama watu walivyotaka, hakuleta amani wala neema. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao wakaenda zao. Amiri Ibrahim, ambaye kila mtu alidhani amekwisha, akarudi Kilwa kutawala.

Basi katika miaka saba walipimwa watu watatu. Mmoja alichaguliwa kwa utumishi na mali yake, wa pili kwa jina la baba yake, wa tatu kwa ukoo. Kila mpimaji alitazama sifa moja au mbili zilizompendeza, akadhani amemwona mtu mzima. Hakuna aliyeuliza kama mtu huyo ataweza kupatana na watu wa bara, wala kama mji utaweza kula iwapo biashara yake imefungwa. Hata mtu mwema hushindwa akipewa kazi ambayo njia zake zote zimezibwa.

Makosa ya namna hii hayakwisha zamani zile. Huko Marekani vilabu vikubwa vya mpira wao wa mikono na miguu huwapima vijana wa vyuo kila mwaka kabla ya kuwachagua: urefu, uzito, mbio, na nguvu za mkono wa mrusha mpira, ambaye ndiye kiongozi wa timu uwanjani. Mwaka 1955 kijana Johnny Unitas alichaguliwa na klabu ya Pittsburgh katika duru ya tisa, wakati wengi wamekwisha kuchukuliwa, kisha akaachwa kabla mashindano hayajaanza. Akafanya kazi ya ujenzi, akicheza katika timu ndogo kwa malipo ya dola chache. Mwaka 1956 klabu ya Baltimore ikamchukua, na mwaka 1958 akaiongoza kuwa bingwa wa nchi. Waliomwacha walikuwa na macho na vipimo, lakini utulivu wa moyo wakati wa shida hawakuupima.

Nasi katika shule yetu huchagua viranja, na nahodha wa timu, na wakuu wa mabweni. Ni rahisi kumchagua anayesema sana, au mwenye viatu vizuri, au ndugu yake fulani aliyekuwa kiranja zamani. Ni kazi kubwa zaidi kuuliza: huyu alifanya nini siku alipoachwa peke yake? Ankoni alipoachwa peke yake, alilipa deni lisilokuwa lake. Na alipopewa cheo, jambo la kwanza alilofikiri ni nani atakayekishika baada yake, wala hakumtaja mwanawe.

Ndugu wasomaji, mtakapovuka tena kwenda Kisiwani, simameni kidogo mbele ya Gereza. Kumbukeni ya kuwa hapo mtu alivikwa taji lililokusudiwa kichwa cha mwingine, akalivaa muda usiotimia mwaka, na akafa kwa ajili yake.