Ugonjwa wa Imamu Ghazali na Kujitenga Kwake

Miongoni mwa wanavyuoni ambao majina yao hayakauki midomoni mwa watu wa pwani yetu ni Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul Islam. Kitabu chake, Ihyau Ulumid-Din, kimo makabatini mwa masheikh wetu. Na katika fiqhi, sisi Mashafii tuna deni kwake hata tusipojua, kwani kitabu chake al-Wajiz ndicho alichokisherehesha Imamu Rafii, na kitabu cha Rafii, al-Muharrar, ndicho alichokifupisha Imamu Nawawi kikawa Minhaj tunayoisoma hata leo. Lakini liko jambo moja katika maisha yake ambalo hutajwa kwa haraka, au halitajwi kabisa; nalo ni kuwa mtu huyu, alipokuwa kileleni mwa utukufu wake, aliugua ugonjwa wa nafsi hata ulimi ukamgoma, akaacha cheo na mali, akaenda kujitenga mpaka akapata nafuu. Tumeonelea tuieleze habari hiyo, kwa kuwa miji yetu ina haja nayo kubwa.

Imamu Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani iliyo Iran ya leo, mwaka 450 wa Hijra (1058 Miladi). Masimulizi yasema kuwa baba yake alikuwa maskini msokota sufi, aliyependa kukaa na wanavyuoni ilhali yeye mwenyewe hakusoma. Alipokaribia kufa aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchaji Mungu, akampa na akiba kidogo ili awasomeshe. Akiba ilipokwisha, rafiki yule hakuwa na kitu, akawashauri waende madrasa, ambako mwanafunzi alipata chakula chake. Hivyo ndivyo mayatima wale wawili walivyoingia katika elimu.

Yasimuliwa pia kuwa alipokuwa akirudi kutoka Jurjan, alikokwenda kusoma, wanyang'anyi walimpora mkoba uliokuwa na maandishi yake yote. Akawafuata kuwaomba, na mkuu wao akamcheka kwamba adai vipi kuwa mjuzi hali elimu yake yaweza kuibiwa pamoja na mkoba. Kijana yule aliona kuwa maneno hayo Mungu ameyapitisha katika kinywa cha mwizi ili amfunze, akakaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokiandika. Kisha alikwenda Nishapur kwa Imamul Haramain al-Juwaini, akadumu naye hata sheikh huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Baada ya hapo alijiunga na baraza ya waziri Nizamul Mulk, aliyekuwa na nguvu kuliko mawaziri wote wa zama hizo, akawashinda wanavyuoni wa baraza ile kwa hoja. Mwaka 484 (1091), akiwa na umri wa miaka 34, waziri alimpa kiti cha kusomesha katika madrasa ya Nidhamiyya ya Baghdad.

Cheo hicho hakikuwa na mfano. Wanafunzi mia tatu waliketi mbele yake, na wakubwa wa dola wakitaka ushauri wake. Katika nafasi ndogo alizopata baina ya darsa na kuandika, alivisoma vitabu vya wanafalsafa peke yake bila mwalimu, akavielewa, kisha akawajibu kwa kitabu chake Tahafutul Falasifa. Mwaka 485 (1092) Nizamul Mulk aliuawa, na haukupita muda Sultani Malik Shah naye akafa, na dola ikaingia fitina. Lakini Ghazali alibaki katika kiti chake, na sifa zake zikizidi kuenea.

Yaliyomfika baadaye ameyaeleza mwenyewe katika kitabu alichokiandika mwishoni mwa umri wake, al-Munqidh minad-Dalal, wala hakuficha. Alizitazama amali zake, akaona bora yao ni kusomesha; kisha akaitazama nia yake katika kusomesha, akaona haikuwa safi kwa Mungu, bali kilichomsukuma ni cheo na kutajwa na watu. Akatambua kuwa amesimama ukingoni mwa shimo. Ikawa akiazimia siku moja kuondoka Baghdad, siku ya pili huivunja azma; asubuhi hutamani akhera, na jioni matamanio ya dunia huja yakaivamia nia yake. Tangu mwezi wa Rajab mwaka 488 (Julai 1095) alikaa karibu miezi sita katika mvutano huo.

Mwisho mwili nao ulishindwa. Akitaka kusomesha japo siku moja ili awaridhishe waliokuja kwake, ulimi ulikataa hata neno moja. Kutokana na kufungwa ulimi kukaingia huzuni moyoni, na kutokana na huzuni hakuweza tena kula wala kunywa. Tonge haikushuka kooni, na nguvu zikamwisha. Waliletwa matabibu, wakamtazama, wakakata tamaa ya kumpa dawa. Walisema kuwa jambo hili limeanzia moyoni ndipo likaenea mwilini, na hapana njia ya kulitibu ila moyo upumzishwe na hamu iliyoushika.

Hapo alimwelekea Mwenyezi Mungu kama mtu aliyekwisha hila zake, na ikawa sahali kwake kuacha cheo na mali. Lakini tuangalie namna alivyoacha. Mali yake aliigawa, akabakisha kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake. Kiti chake hakukiacha kitupu, bali nduguye Ahmad alisomesha mahali pake. Alitangaza kuwa anakwenda Makka, na moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea khalifa na rafiki zake wasimzuie. Akatoka Baghdad mwezi wa Dhulqaada mwaka 488 (Novemba 1095).

Watu hawakukosa la kusema. Walio mbali na Iraki walidhani kuwa amekimbia watawala. Walio karibu, walioona jinsi watawala walivyomng'ang'ania naye akiwakataa, walisema kuwa hili halina sababu ila ni jicho lililowapata Waislamu na wenye elimu. Basi na tuone kuwa tangu karne tisa zilizopita na zaidi, mtu akiugua nafsi, majirani hukimbilia kutaja jicho. Yeye mwenyewe hakusema hivyo. Alijua ugonjwa wake umetoka wapi.

Huko Sham alikaa karibu miaka miwili, hana shughuli ila kujitenga, kuisafisha nafsi, kurekebisha tabia na kumtaja Mungu. Katika msikiti mkuu wa Dimashq alikuwa akipanda mnarani, akijifungia mlango mchana kutwa. Kisha alikwenda Baitul Muqaddas, akawa akiingia kila siku katika Kuba ya Sakhra na kujifungia. Mwaka 489 (1096), mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) katika mji wa al-Khalil, aliweka ahadi tatu: asiende tena kwa mtawala yeyote, asipokee mali ya mtawala, wala asiingie katika majadiliano ya kushindana mbele ya watu. Mwenye kuzitazama ahadi hizo ataona kuwa ndiyo milango mitatu uliyopitia ugonjwa wake. Akaenda pia Makka na Madina, akahiji na kuzuru.

Kisha likaja jambo ambalo wasifu wake wengi hulipita. Alirudi kwao kwa sababu watoto wake walimwita. Hakuwa na hamu ya kurudi, lakini alirudi. Na huko Tus aliendelea kujitenga kadiri alivyoweza. Walakini mambo ya ahali, na haja za maisha, na misukosuko ya zama yalimkatizia utulivu wake, na amekiri kuwa hali safi haikumjia ila nyakati chache chache. Hata hivyo hakukata tamaa. Vizuizi vilimsukuma, naye akarejea tena, kwa muda wa karibu miaka kumi.

Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipotunga Ihyau Ulumid-Din, chenye vitabu arubaini ndani yake. Kimoja katika hivyo amekiweka makhsusi kwa adabu za kujitenga. Amepima humo faida za kukaa peke yako na hasara zake. Kwani mwenye kujitenga hupata faragha ya ibada na kuepukana na maovu ya watu, lakini hukosa kujifunza na kufunza, na kunufaisha, na kuliwazana na wenziwe. Hukumu yake ni kuwa jambo hili hutofautiana kwa hali ya mtu, wala haifai kuwahukumia watu wote hukumu moja.

Mwaka 499 (1106) waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nizamul Mulk, alimshika arudi kusomesha Nishapur. Akashauriana na watu wema, akakubali. Aliona kuwa ingawa kwa nje amerudi kwenye kazi ile ile, hakika yake hakurudi. Kwani zamani alikuwa akifundisha elimu inayochuma cheo, na sasa afundisha ile inayomfanya mtu akiache cheo. Baadaye alirudi Tus, akawa na madrasa karibu na nyumba yake, pamoja na mahali pa wachaji Mungu, akazigawa saa zake baina ya Qurani, darsa na ibada. Alifariki tarehe 14 Jumadal Akhira mwaka 505 (18 Disemba 1111), naye ana umri wa miaka 55. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa tuseme kwa nini tumeyaandika haya. Hakuna mtaa katika miji yetu usiokuwa na mtu aliyefikwa na yaliyomfika Imamu: kijana aliyeacha kusema na kula, mama aliyefiwa akawa hataki kutoka chumbani, mzee aliyefilisika akawa halali usiku. Na sisi twafanyaje? Kwanza twamficha, kwa kuogopa aibu na kuchelea posa za dada zake. Kisha twamwita mganga, akataja jini na husda, akataka mbuzi wa rangi fulani, na ngoma ya kupunga pepo, na fedha. Fedha zikiisha na mgonjwa hajapona, ndipo twakumbuka hospitali.

Hatukanushi kuwako kwa majini, kwani Qurani imeyataja, wala hatuzuii dua na kumsomea mgonjwa, kwani ni katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.). Tunachokanusha ni ujinga uliovishwa kanzu ya dini. Hujjatul Islam alipougua, waliitwa matabibu, nao walikiri mpaka wa dawa zao. Leo matabibu wa maradhi ya nafsi wana elimu na dawa ambazo wenzao wa Baghdad hawakuwa nazo, na kuziacha ni kuikataa neema ya Mungu. Kama haikuwa aibu kwa Ghazali kuugua hivyo, na kuandika kwa mkono wake kuwa ameugua, itakuwaje aibu kwa kijana wa mtaani kwetu?

Ama kujitenga, ni dawa, na ina shuruti zake. Mtume wetu (s.a.w.) alijitenga katika pango la Hira kabla ya kupewa utume, akichukua masurufu yake na kurejea kwa Bibi Khadija, na baada ya utume akikaa itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani. Basi mwenye kuchoka nafsi na apumzishwe. Apelekwe kwa jamaa zake shamba au kisiwani, au apewe nafasi ya itikafu msikitini, mbali na deni, na kelele, na maneno ya watu. Lakini anayemwacha mkewe bila ya masurufu akasema kuwa yuko khalwani, huyo amekimbia, hakujitenga. Na aliyezidiwa hata akahofiwa nafsi yake haachwi peke yake hata usiku mmoja. Huyo ni wa kuangaliwa na kupelekwa kwa tabibu.

Wala tusiwasahau wanawake, ambao hawana mnara wa kupanda wala ndugu wa kuwashikia kiti. Wazee wetu walimpumzisha mzazi siku arubaini, wakimpikia na kumlelea. Hekima ile isiishie katika uzazi. Mwanamke aliyeelemewa na huzuni na achukuliwe na ndugu zake, na mumewe na majirani wamshikie nyumba na watoto, kama Ahmad alivyomshikia nduguye darsa. Kwani bila ya Ahmad, na bila ya akiba ile ya watoto, hapana kujitenga kungaliwezekana.

Na aliyepona akirudi, apokewe kama Nishapur ilivyompokea Imamu, asiitwe kwa jina la ugonjwa wake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu walio wazi na waliofichwa, na atufanye sisi tuwe sababu ya nafuu yao. Amin.