Baekeland, mtoto wa fundi viatu aliyeipa mashine bushi isiyo ya chuma

KIGALI – Mfanyabiashara wa vipuri anayevuka Gatuna au Rusumo kuja Kigali huenda amewahi kubeba bushi ya rangi ya kahawia, nyepesi kuliko ya shaba, ambayo ukiitazama ukingoni unaona tabaka za kitambaa. Wengi huiita plastiki tu. Chanzo chake ni kazi ya Leo Hendrik Baekeland.

Baekeland alizaliwa Ghent, Ubelgiji, Novemba 14, 1863. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake mfanyakazi wa nyumbani. Kijana huyo alisoma kwa ufadhili, na akiwa na miaka 21 alikuwa tayari na shahada ya uzamivu ya kemia. Mwaka 1889 alimwoa Céline Swarts, binti wa profesa wake, wakasafiri hadi Marekani na kuhamia huko.

Mali yake ya kwanza ilitokana na Velox, karatasi ya kuchapia picha kwa mwanga wa taa, bila kungoja jua. Mwaka 1899 George Eastman wa Kodak alitaka kuinunua. Inasimuliwa kwamba Baekeland alikwenda akiwa tayari kupokea dola 50,000, hata 25,000 akibanwa. Kabla hajataja bei, Eastman akataja yake. Kiasi kinachotajwa sana ni dola 750,000.

Fedha hizo zilimwezesha kufanya utafiti katika maabara yake nyumbani, Yonkers, New York. Umeme ulikuwa ukienea, na vifaa vyake vilikingwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu kutoka Asia, uliokuwa ghali. Baekeland aligeukia fenoli na fomaldehaidi. Tangu 1872 ilijulikana kwamba kemikali hizo zikichanganywa huacha masalia magumu yanayoharibu vyombo. Yeye aliziweka kwenye chungu cha chuma kilichofungwa, akatumia joto na mgandamizo kwa pamoja. Aliomba hataza mwaka 1907, mwaka uleule Richard Kandt alipoanzisha Kigali. Bidhaa hiyo aliiita Bakelite.

Peke yake, utomvu huo ulikuwa mgumu lakini mwepesi kuvunjika. Nguvu ilitokana na mchanganyiko: unga wa mbao, karatasi au kitambaa cha pamba. Kitambaa kikilowekwa, kikapangwa tabaka juu ya tabaka na kubanwa kwenye joto, huwa bamba ambalo fundi anaweza kulikereza. Viwanda vya kusubu vyuma vilianza kuliweka mahali pa beringi za shaba, kwa kuwa hulainishwa kwa maji. Meli zililitumia kwenye shafti ya pangaboi, na mashine za kukereza kwenye njia zake za kutelezea, kwa sababu halikwaruzi chuma kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba halipitishi joto vizuri: maji yakikatika, bushi huungua.

Baekeland aliuza zaidi utomvu na unga wake kuliko bidhaa zilizokamilika. Wengine walitengeneza simu, redio na swichi. Yeye aliwauzia malighafi. Kampuni yake ilianza 1910. Baada ya miaka ya kushtakiana na washindani kuhusu hataza, mwaka 1922 aliungana nao.

Lakini urithi wake una upande mgumu. Baadhi ya michanganyiko ya zamani ilitiwa asbesto ili kustahimili joto, na vumbi lake huua mapafu. Rwanda, ambayo imekuwa ikiondoa mapaa ya asbesto, inaijua hatari hiyo. Pia, bushi ya shaba iliyolika bado huuzwa kama chuma chakavu, ilhali ya Bakelite haiyeyuki tena, hivyo ikiisha imeisha.

Kampuni iliuzwa kwa Union Carbide mwaka 1939. Baekeland alifariki Beacon, New York, Februari 23, 1944, akiwa na miaka 80.

Kwa mnunuzi wa leo, rangi ya kahawia haitoshi kuonyesha ubora. Kabla ya kulipia bushi, muulize muuzaji imechanganywa na nini: kitambaa, karatasi au asbesto. Asipojua, usinunue.