Mtakatifu Karoli Lwanga, Mwalimu wa Wakatekumeni



Ndugu msomaji, kila tarehe 3 Juni padre huvaa mavazi mekundu altareni, nasi tunamkumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Zipo jumuiya ndogondogo, vigango na kwaya nyingi zenye jina lake. Hata hivyo, wengi wetu tukisikia jina hilo tunaona moto tu. Mimi nataka tumtazame kabla ya moto, alipokuwa mwalimu wa dini.

Nina sababu. Wakati wa likizo nilisaidia kufundisha wakatekumeni katika kigango kimoja. Mzee mmoja akaniuliza kwa nini Kanisa linamsubirisha mtu miaka miwili apate ubatizo, wakati yule mwizi msalabani hakusubiri hata siku moja. Nilimjibu harakaharaka kwamba ndiyo taratibu. Jibu hilo halikumridhisha mzee, na nilipokuwa narudi nyumbani niliona kwamba halikuniridhisha hata mimi. Nililipata jibu bora zaidi katika maisha ya Karoli Lwanga.

Imani iliyobaki bila mapadre

Lwanga alizaliwa katika ufalme wa Buganda miaka ya 1860, akakulia Buddu, upande wa kusini kuelekea Kagera yetu ya leo. Mwezi Februari 1879 Padre Simeoni Lourdel na Bruda Amans, Wamisionari wa Afrika, walifika Buganda. Waganda walimwita Padre Lourdel kwa jina la Mapera. Mwanzilishi wa shirika lao, Lavigerie, aliwapa kanuni ngumu: mtu asibatizwe kabla ya kuandaliwa miaka 4. Alitaka Wakristo wenye mizizi.

Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka. Walivuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza. Buganda ikabaki bila padre, bila Misa, bila kitubio. Waliobatizwa walikuwa wachache, lakini waliendelea kusali pamoja na kufundishana, na idadi ya wanaojifunza ikaongezeka. Mmoja wa nguzo zao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu aliyebatizwa mwaka 1882. Wamisionari waliporudi mwaka 1885 walikuta shamba limepaliliwa na walei.

Wakati huo Kabaka Mutesa alikuwa amefariki na mwanawe Mwanga ametawala tangu 1884. Lwanga aliingia kutumika ikulu, akapewa kuwasimamia vijana watumishi wa ukumbi mkubwa wa baraza, chini ya Yosefu Mukasa. Kwa Mukasa alijifunza mambo mawili: sala, na ujasiri wa kuwalinda vijana dhidi ya tamaa za Kabaka zilizopingana na usafi wa moyo.

Ubatizo siku ya msiba

Mwezi Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga, aliyeogopa wageni wanaoingia kutoka mashariki. Yosefu Mukasa alithubutu kumwambia Kabaka kwamba ametenda vibaya. Tarehe 15 Novemba 1885 Mukasa naye akauawa.

Ikulu yote ilijua maana yake: anayesali anaweza kufa. Siku hiyohiyo Lwanga alikwenda misioni akaomba ubatizo. Mtu mwingine angengoja hali itulie. Yeye alichukua nafasi ya Mukasa, yaani nafasi ya hatari kuliko zote, na alitaka kuichukua akiwa Mkristo kamili. Wamisionari walimbatiza. Kanuni ya miaka ilikuwepo kwa ajili ya kupata moyo uliokomaa, na moyo huo ulikuwa umesimama mlangoni kwao.

Kuanzia hapo Lwanga aliendelea kuwafundisha vijana kwa siri: Mungu mmoja katika Nafsi tatu, Mwana aliyefanyika mtu akafa na kufufuka, amri za Mungu, Baba Yetu, ishara ya msalaba. Ni mambo yaleyale tunayoyafundisha vigangoni.

Usiku wa Munyonyo

Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alirudi Munyonyo kutoka mawindoni akiwa na hasira. Aligundua kwamba kijana Dionisi Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikkiro. Alimchoma mkuki. Kosa la Dionisi lilikuwa kufundisha katekisimu.

Usiku ule Lwanga aliwakusanya vijana wake, wakasali. Baadhi yao walikuwa bado wakatekumeni, na padre hakuwepo. Lwanga alifanya kile ambacho Kanisa linamruhusu mtu yeyote kukifanya panapo hatari ya kufa: alimimina maji na kubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akinuia kufanya lifanywalo na Kanisa. Hapakuwa na mafuta ya krisma wala mshumaa wa Pasaka. Hata hivyo ulikuwa ubatizo kamili. Waliobatizwa ni pamoja na Gyavira, Mugagga, Mbaga Tuzinde na Kizito, kijana wa miaka kama 14. Inasimuliwa kwamba Lwanga alimwahidi Kizito kumshika mkono saa ya kuikiri imani itakapofika.

Saa hiyo ilifika asubuhi yake. Kabaka aliamuru wanaosali wajitenge na wengine. Lwanga alitoka kwanza, vijana wakamfuata.

Namugongo

Walifungwa kamba wakatembezwa hadi Namugongo, na baadhi yao waliuawa njiani. Waliofika walingoja siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Wenzake walifungwa katika mikeka ya matete na kuchomwa pamoja. Siku hiyo walikufa Wakatoliki 13, na pamoja nao Waanglikana. Moto ulikuwa mmoja. Habari hizi tumezipata kwa mashahidi wa macho, akiwemo Dionisi Kamyuka, aliyekuwa miongoni mwa wafungwa akaachwa hai.

Kati ya wale 13 alikuwemo Mukasa Kiriwawanvu. Usiku wa Munyonyo alikuwa kifungoni, kwa hiyo maji ya ubatizo hayakumfikia. Kanisa linamheshimu kama mtakatifu sawa na wenzake, kwa sababu linasadiki ubatizo wa damu: anayekufa kwa ajili ya Kristo anapokea neema ya ubatizo hata kama hakumiminiwa maji.

Papa Benedikto XV aliwatangaza Mashahidi 22 Wakatoliki kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Jibu kwa mzee

Sasa ukiona mavazi mekundu, kumbuka damu na pia moto wa Roho Mtakatifu. Ukiona tawi la mtende katika picha ya shahidi, ujue ni alama ya ushindi. Ukichovya kidole katika maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, kumbuka maji ya Munyonyo na ubatizo wako.

Kwa yule mzee, leo ningesema hivi. Mungu hafungwi na muda: mwizi msalabani na Mukasa Kiriwawanvu ni ushahidi. Lakini mwizi alihitaji imani ya kumfikisha jioni. Wewe mzee, Mungu akikujalia, unahitaji imani ya kukufikisha miaka mingi: imani ya kuvumilia ugonjwa, ya kusamehe jirani aliyehamisha mpaka wa shamba. Maji ya Kizito yalimiminwa kwa dakika moja, lakini kwa miezi mingi alikuwa ametembea na Lwanga, akimwona anavyosali na anavyoishi. Kumbe muda wa ukatekumeni ni muda wa kutembea na mtu anayeamini. Hapo swali linanigeukia mimi mwalimu: je, wakatekumeni wangu wana mtu wa kutembea naye, au nimewapa maswali na majibu ya kukariri tu?

Jambo la mwisho. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa. Waliompokea Bukumbi ni wamisionari walewale ambao wanafunzi wao aliwachoma moto. Baadaye alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Mapadre wale waliomfungulia mlango nao walikuwa wanafundisha katekisimu.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.