Joseph Thomson: Kijana wa hadithi za msituni aliyefika kweli kwa Nabongo Mumia

WAPENZI wa hadithi za picha magazetini wanamfahamu vyema kijana jasiri wa msituni, arukaye kutoka mti hadi mti na kupambana na simba peke yake huku wenyeji wakimwogopa.

Tarzan, aliye mashuhuri kuwapita wote, alianza kuchorwa katika magazeti ya Marekani Januari 1929. Mtunzi wake, Edgar Rice Burroughs, hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika.

Lakini zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo, kijana wa kweli alipita katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kakamega, na safari yake ikachangia kuzaliwa kwa hadithi za aina hiyo. Jina lake ni Joseph Thomson.

Thomson alizaliwa Februari 14, 1858, katika kijiji cha Penpont, Scotland, akasomea elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1879 alifika Afrika Mashariki akiwa msaidizi wa Keith Johnston. Mkubwa wake huyo alifariki Behobeho, katika Tanzania ya leo, na Thomson akajikuta kiongozi wa msafara akiwa na umri wa miaka 21 tu.

Hakurudi nyuma. Aliufikisha msafara hadi maziwa ya Nyasa na Tanganyika, lakini si kwa nguvu zake peke yake. Mnyapara wa wapagazi alikuwa Chuma, aliyewahi kusafiri na Dkt David Livingstone na kushiriki kuubeba mwili wake hadi pwani.

Mwaka 1883, Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza lilimtuma atafute njia ya mkato kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kupitia nchi ya Wamaasai. Jaribio la kwanza lilishindikana, akarudi Taveta. Alifaulu mara ya pili baada ya kuandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia za bara.

Ili kuwastaajabisha Wamaasai, Thomson alikuwa aking'oa meno yake ya bandia mbele yao na kuyarudisha, au kutia dawa ya chumvi majini ikatoa povu. Alijivunia kwamba safari zake hazikumwaga damu ya wenyeji, kwani aliamini kuwa mwenda pole hajikwai.

Baada ya kupita Naivasha na Baringo, aliingia nchi ya Wakabrasi, kaskazini mwa mji wa leo wa Kakamega. Hakukuta pori tupu kama lile la katuni. Alikuta mashamba, chakula tele, na vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo.

Katika mji mkuu wa ufalme wa Wanga, uliopo Mumias ya leo, alipokewa na Nabongo Mumia, ambaye alikuwa amemrithi babake, Shiundu, muda mfupi tu uliotangulia. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa wakifika huko kabla yake. Desemba 1883 Thomson alilifikia Ziwa Victoria.

Njiani kurudi, mwisho wa mwaka huo, alijeruhiwa vibaya na nyati, kisha akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu uliokaribia kumuua. Shujaa wa katuni hujiokoa mwenyewe, lakini Thomson alibebwa na wapagazi.

Kitabu cha safari hiyo kilitoka mapema mwaka 1885. Mwaka uo huo H. Rider Haggard alichapisha riwaya ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambamo Mzungu anawashangaza wenyeji kwa meno yake ya bandia. Wengi huuona hapo mkono wa Thomson.

Njia aliyoifungua ilikuwa na gharama. Oktoba 1885 Askofu James Hannington, aliyepitia kwa Mumia akielekea Buganda, aliuawa Busoga, kwa kuwa Kabaka Mwanga aliwahofia wageni waliotokea mashariki. Mwaka 1894 Waingereza waliweka kituo chao kwa Mumia, na ufalme wa Wanga ukaingia chini ya ukoloni. Mumia aliishi kuyaona yote hayo hadi alipofariki mwaka 1949.

Thomson mwenyewe hakufika uzeeni. Alisafiri pia Sokoto, Morocco na katika nchi ambayo leo ni Zambia, kisha akafariki London Agosti 2, 1895, akiwa na umri wa miaka 37, mwili wake umedhoofishwa na maradhi ya safari.

Swala tomi bado anaitwa kwa jina lake. Chuma na Jumbe Kimameta hawana mnyama wala maporomoko yaitwayo kwa majina yao. Walakini, bila wao kijana huyo asingalifika Mumias, wala asingalirudi kwao kusimulia.